Barua ya wazi kwa wanaotuletea wanafunzi wa uhandisi kila Juni

Kwenu waratibu wa mpango wa majira ya joto kule ng'ambo, kwenu wakuu wa vyuo vya ufundi vya huku Arusha, na kwenu waganga wafawidhi mnaotia saini fomu za kupokea wageni.

YAH: WANAFUNZI WA UHANDISI WANAOKUJA KUTENGENEZA MASHINE ZA HOSPITALI

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi.

Mimi ni fundi wa vifaa tiba. Karakana yangu iko nyuma ya chumba cha kufulia, katika hospitali moja iliyo kando ya barabara ya Arusha–Moshi, upande wa Usa River. Ni chumba kimoja chenye benchi la mbao, dirisha la nondo na kabati la chuma ambalo mlango wake haujawahi kufunga tangu niupokee ufunguo. Kwa miaka tisa wageni wenu wamekaa kwenye benchi hilo, ukiondoa 2020 ambapo hakuja mtu. Nimewapenda wengi wao. Naandika kwa sababu nataka waendelee kuja, ila kuna jambo nimelimeza muda mrefu na sasa limenikaa kooni.

Nianze na jina la mpango wenyewe. Mnauita wa majira ya joto. Juni kwetu ni kipupwe. Mlima Meru unaweza kujifunika wiki nzima usiuone, na akina mama wanaouza ndizi soko la Tengeru wanavaa sweta juu ya khanga na soksi ndani ya kandambili. Vijana wenu wanateremka pale uwanja wa ndege wa KIA wamevaa kaptula. Jumamosi ya kwanza unawakuta kwenye mitumba ya soko la Kilombero, Arusha mjini, wakitafuta makoti, na wauzaji wanawajua, bei inapanda kuanzia mlangoni.

Simlaumu mtu kwa kalenda ya kwao. Binti mmoja aliwahi kunieleza kwamba masomo ya uhandisi yamefungana kama mnyororo: somo la mwaka wa pili halisomeki bila la mwaka wa kwanza, na ukikosa muhula mmoja unachelewa mwaka mzima. Mwanafunzi wa historia anaweza kwenda nchi nyingine akasoma miezi sita, mhandisi ana ile likizo ndefu tu. Nimemwelewa. Lakini kalenda hiyo ina upande wa pili ambao nadhani hamjawahi kuuona kutoka huko mliko. Juni na Julai vijana wetu wa vyuo wako kwenye mitihani. Wakimaliza na kupata barua za kwenda field, yaani mafunzo kwa vitendo, wenu wanafunga mabegi. Wanapishana mlangoni kwangu kama wauguzi wanaobadilishana zamu, na wauguzi angalau wana kitabu cha ripoti. Anayetoka humwambia anayeingia: kitanda cha nne alitapika, kitanda cha saba dripu iishe saa kumi. Wanafunzi wenu na wetu hawakabidhiani chochote.

Sasa niwasimulie kuhusu waya mwekundu.

Julai ya mwaka juzi wodi ya watoto ilileta konsentreta ya oksijeni karakana. Kwa wasioijua, hewa ya kawaida ina naitrojeni karibu sehemu 78 kwa 100 na oksijeni sehemu 21. Mashine hii huvuta hewa ya chumbani, kompresa huisukuma kwenye makopo mawili yenye punje za zeolaiti, punje hukamata naitrojeni, na kinachomfikia mtoto puani ni oksijeni ya karibu asilimia 93. Uzuri wake ni kwamba haisubiri gari la mitungi. Inachotaka ni umeme, filta safi na feni inayozunguka. Na vumbi letu la huku, udongo wa volkano mwepesi kama unga wa sembe, si rafiki wa filta wala wa feni.

Mashine ile ilikuwa inajizima kila baada ya dakika kama ishirini. Kijana wenu mmoja aliichukua. Alikuwa na mkono mzuri, sikatai, analehemu kuliko mimi. Baada ya siku mbili ikawa haijizimi tena. Akaifuta, akaibandikia kibandiko cha kijani, ikarudi wodini kwa shangwe na picha.

Septemba, saa nane usiku, simu ikaita. Muuguzi wa zamu: "Fundi, mashine inanuka." Nilipanda bodaboda na koti juu ya nguo za kulalia. Wodini walikuwa wameshaichomoa na kumhamishia mtoto kwenye mtungi, wa miezi minane, nimonia. Yeye alirudi nyumbani baada ya siku sita, namshukuru Mungu na yule muuguzi, kwa mpangilio wowote mnaoutaka. Mimi niliibeba mashine hadi karakana nikaifungua kwa tochi ya simu. Feni ilikuwa imekufa, imejaa vumbi hadi panga zake hazionekani. Koili za kompresa zilikuwa zimeungua, nyeusi. Na pale kwenye swichi ya joto, ile inayoizima mashine ikipata moto kupita kiasi, nikakuta kipande cha waya mwekundu, urefu wa kidole cha shahada, kimelehemiwa kwa usafi wa hali ya juu kutoka mguu mmoja wa swichi hadi wa pili. Swichi ilikuwepo, ila umeme ulikuwa unaikwepa. Mashine ilikuwa ikijizima kwa sababu feni ilikuwa inachoka, na mtu akaiziba mdomo.

Nadhani najua kilichotokea. Aliuweka waya kwa majaribio, ajue tatizo liko upande gani. Kila fundi hufanya hivyo, hata mimi. Kisha Ijumaa ikafika, Jumamosi alfajiri ilikuwa safari ya Serengeti, na waya ukabaki ndani. Kosa la namna hiyo nalisamehe kabla hujamaliza kuomba radhi. Ninachoshindwa kukimeza ni kwamba hapakuwa na mahali popote palipoandikwa. Hakuna karatasi iliyosema niliifungua siku fulani, nikagusa hiki, bado sijui kwa nini inapata joto. Niliwaandikia. Baada ya siku kumi na moja nikapata jibu la heshima sana: kijana ameshahitimu, na je, ningependa kujaza fomu ya maoni kuhusu mpango? Baadaye nikaonyeshwa ripoti yenu ya mwaka ule. Konsentreta yetu imo, kwenye safu ya mashine zilizotengenezwa.

Kompresa nyingine ilituchukua miezi mitano kuipata.

Na mimi nina sehemu yangu. Ile fomu ya mwisho wa Julai, inayosema mashine zote zimekaguliwa na fundi wa hospitali, saini iliyopo ni yangu. Sikuifungua hata moja. Ilikuwa siku ya kuwaaga, ndafu ameshakaa mezani na majani mdomoni, mganga mfawidhi anatazama saa, mratibu ananipa kalamu. Nikasaini mashine kumi na tisa nikiwa nimesimama. Kwa hiyo msisome barua hii kama ya mtu asiye na doa.

Ila jiulizeni fomu ile ilikuwa inapima nini. Mnahesabu mashine tarehe ya mwisho ya Julai, siku ambayo kila kitu kinang'aa. Njooni mhesabu Desemba. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliopitia orodha za mashine za hospitali zaidi ya laki moja katika nchi 16 za hali kama yetu, ukakuta karibu 38 katika kila 100 hazifanyi kazi. Sababu walizozitaja ndizo tunazozijua bila kusoma: mafunzo haba, usimamizi wa vifaa usioeleweka, na miundombinu, yaani umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotibika kwa wiki chache za mgeni mwerevu. Zinatibika kwa mtu anayebaki.

Na wa kubaki wapo. Chuo cha Ufundi Arusha kipo tangu 1978, na ufundi wa vifaa tiba unafundishwa pale pale mjini, umbali wa hiace moja kutoka kwenye benchi langu. Vijana hao ndio watakaokuwa na funguo za karakana hizi nikishastaafu.

Mara moja tu katika miaka yote hii wawili walikutana, tena kwa bahati. Kijana mmoja wa Ngaramtoni alikuwa amemaliza mitihani mapema, akaja kuomba field wakati wageni bado wapo. Nafasi kwenye benchi ilikuwa moja, pembeni ya binti aliyetoka mji wa pwani huko kwao. Siku ya kwanza hawakusema kitu. Siku ya pili binti alitoka theatre mbio, akamwambia matroni kwa sauti ya msiba, "Mama, mashine imefariki." Matroni alicheka mpaka akashika ukuta. Kijana wa Ngaramtoni akamweleza taratibu kwamba mashine hufa, watu ndio hufariki, na kuanzia hapo mdomo haukufungwa tena.

Kazi niliyowapa ilikuwa otoklevu, lile sufuria kubwa la mvuke la kuchemshia vifaa vya upasuaji. Tepu za kupimia, zile zinazotoa mistari meusi joto la mvuke likitosha, zilikuwa zinatoka nusunusu, mistari imefifia, na masista wanailaumu tepu. Binti akafungua kitabu chake: nyuzi 121, mgandamizo wa paundi 15, dakika 15. Mshale wa geji ulikuwa kwenye 15 sawasawa. Akakagua mpira wa mfuniko, akakagua hita, kila kitu kizima. Nikawaacha wahangaike hadi chai. Kisha nikamuuliza kijana, maji ya chai hapa yanachemka nyuzi ngapi? Akasema mia. Nikampa kipimajoto na birika.

Yalichemka kwenye 96.

Usa River tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa inakandamiza kidogo kuliko ya pwani, na geji ya otoklevu inapima tofauti tu kati ya ndani na nje. Paundi 15 za Tanga zinakupa nyuzi 121, ila paundi 15 za kwetu zinaishia chini ya hapo. Binti alikokotoa, kijana akakokotoa, wakagombana kuhusu nukta ya desimali, wakakubaliana: hapa mshale usimame kwenye 17. Kesho yake tepu ikatoka nyeusi mstari kwa mstari. Kijana akaandika karatasi kwa kalamu nene, "MSHALE UFIKE 17. UKIWA 15 BADO, SUBIRI," binti akaifunika kwa plastiki, wakaibandika juu ya otoklevu. Ipo hadi leo. Masista wapya wanaisoma kabla hawajanijua mimi jina. Na binti aliniambia wakati wa kuaga kwamba katika miaka mitatu ya chuo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kitabu chake kimeandikiwa usawa wa bahari.

Hilo ndilo ninalolitaka, lipangwe, lisiwe bahati.

Sogezeni tarehe. Mkianza wiki mbili au tatu baadaye na kuingia ndani ya Agosti, wenu na wetu watakutana. Najua vyuo vyenu vinafunguliwa mapema, najua tiketi za ndege za Agosti ni ghali, lakini mpango unaotumia benchi la watu uangalie na kalenda ya wenye benchi. Kila mgeni awe na mwenzake wa hapa, benchi moja, mashine moja, na mwisho wa siku cheti cha aina moja chenye saini zile zile. Anayetoka Ngaramtoni asipewe karatasi ya "msaidizi" wakati ndiye aliyejua vali ya usalama inapaswa kulia vipi.

Nauli pia. Kijana yule alikuwa anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, analipa mfukoni, na siku nyingine nilimwona amekula maandazi mawili hadi jioni. Coaster mliyoikodi ilikuwa inampita pale Sanawari kila asubuhi, viti sita vitupu. Niliuliza kwa nini asipandishwe. Nikaambiwa ni suala la bima. Inawezekana. Basi katieni bima na yeye.

Kila mashine inayofunguliwa iandikwe kwenye daftari la karakana, kwa Kiswahili: ilikuja na shida gani, tumekuta nini, tumebadilisha nini, nini hatujamaliza. Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote, na ndilo ambalo kijana wa miaka ishirini anaona aibu kuliandika. Mwambieni hakuna aibu. Mwenzake wa hapa ndiye aandike, mgeni asome na kusaini. Desemba nitapita wodi zote na daftari hilo mkononi, nitawatumia orodha ya zinazofanya kazi na zilizolala. Silipishi. Ila naomba iingie kwenye ripoti yenu pembeni ya ile ya Julai.

Kuhusu maboksi mnayokuja nayo, nitasema kidogo, maana hili mlishaambiwa na wengi. Mashine ya volti 120 na mizunguko 60 haina maisha hapa. Transfoma inashusha volti zetu 230, lakini mizunguko inabaki 50, na mota iliyoundwa kwa 60 itazunguka pole kwa sehemu moja ya sita, ipate moto, ife. Au ifariki. Badala ya mashine, leteni filta, fyuzi, mipira ya mifuniko, na vitabu vya matengenezo vya mashine tulizonazo. Nikijua mapema nitawatumia majina na namba zake. Filta tatu za konsentreta zingemaliza ugomvi wote wa waya mwekundu.

Sasa nigeukie wenyeji, maana huku nako kuna harufu. Waganga wafawidhi, barua ya kijana wetu ya kuomba field hukaa kwenye trei wiki tatu, na akija kuuliza anaambiwa aje Jumatatu. Barua yenye nembo ya chuo cha nje hujibiwa siku ile ile, na chai juu. Nimeyaona kwa macho, katika zaidi ya hospitali moja. Wakuu wa vyuo, nanyi mnakubali kila makubaliano yanayoletwa yakiwa yameshachapwa, mnaomba tu picha ya pamoja. Ombeni viti. Mkiletewa karatasi inayosema wageni kumi na wawili, ulizeni wenyeji kumi na wawili wako ukurasa gani.

Karatasi hizo, kwa njia, zinauita mpango huu wa kubadilishana. Bado sijaona sisi tumebadilishana na nani. Mmarekani anayekuja kutembea analipa viza ya dola 100 na kwa kawaida anaipata. Kijana wa Ngaramtoni, hadi mwaka 2025, akitaka kwenda kwao kusoma hata wiki sita, alikuwa anatoa dola 185 zisizorudi, anapanda basi kwenda Dar es Salaam kutwa nzima, anahojiwa dakika chache dirishani, na akinyimwa anapanda basi lile lile kurudi. Hilo haliko mikononi mwenu, nalijua. Kilicho mikononi mwenu ni barua ya mwaliko, nafasi moja kwa mwaka, na mtu wa kumlipia ile ada. Binti wa otoklevu aliahidi kumtafutia. Alikuwa mwanafunzi, hakuwa na uwezo huo. Nyie mnao.

Karakana hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi. Kabla hamjatoa ratiba ya mwaka ujao, mmoja wenu apite, hata kwa siku moja, asiyekuja kupiga picha. Nitamwonyesha daftari, nitamwonyesha karatasi ya otoklevu, na ule waya mwekundu ninao, nimeubandika kwa selotepu ukurasa wa kwanza.

Wenu katika kazi,

Fundi wa vifaa tiba,
Usa River, Arusha

N.B. Kwenye orodha yenu ya vitu vya kufunga begini, hapo palipoandikwa mafuta ya kujikinga na jua, ongezeni sweta mbili.